Kitambaa Juu ya Ruta

Jumapili ile picha iliganda wakati Wiliam amenyanyua mikono yote miwili mbele ya kifua. Melania aliisubiri iendelee. Alisubiri ameinama juu ya simu kama mtu anayechungulia chungu, mpaka shingo ikamuuma, na mikono ya mwanawe ikabaki pale pale hewani, vidole vimetawanyika, neno limekatwa katikati.

Watu wengine picha ikiganda hawapati taabu. Sauti inaendelea, wanacheka, wanasema "mtandao bwana," wanamaliza mazungumzo yao. Kwa Melania na Wiliam hakukuwa na sauti ya kuendelea. Wiliam alikuwa kiziwi tangu akiwa na miaka mitatu, homa ya uti wa mgongo ilipomwachia uhai ikachukua masikio. Kusoma hakujua, kuandika hakujua. Lugha waliyozungumza mama na mwana waliitengeneza wenyewe jikoni, neno baada ya neno, kwa miaka ishirini. Mkono uliozungushwa kichwani ulikuwa mama, kwa sababu ya kilemba. Kidevu kilichoshikwa kilikuwa marehemu baba, kwa sababu ya ndevu. Haikuandikwa popote lugha ile, na Melania aliamini kwamba duniani hakuna mtu mwingine aliyeijua yote isipokuwa yeye.

Na sasa lugha hiyo ilikuwa inatakiwa mbele za watu. Jumamosi iliyofuata Wiliam angejitambulisha ukweni, huko Kharumwa alikokuwa akifanya kazi, kwa wazazi wa binti aitwaye Agnetha. Mshenga alikuwepo: Stanslaus, mdogo wa marehemu baba, mkulima wa tumbaku na mfugaji wa Ushetu, mtu wa maneno mengi na ng'ombe wa kutosha. Lakini baba wa binti, mzee Valerian, alikuwa ametuma ujumbe wenye sharti moja. Mshenga aseme yote, ila swali la mwisho kijana ajibu mwenyewe, na wazee waelewe alichojibu. "Nisije nikaambiwa kesho," alisema mzee huyo kwa simu, "kwamba nimemwoza binti yangu kwa mtu ambaye hakuulizwa." Neno la haki kabisa. Ungekuwa wewe ungesema hilo hilo.

Nani basi angeisoma mikono ya Wiliam? Stanslaus alikuwa amemjua kijana huyo tangu anatambaa, lakini ishara alizozijua zilikuwa mbili: njoo na kula. Melania ndiye angeweza, na Melania alikuwa amevunjika nyonga mwezi wa pili, akafanyiwa upasuaji, na daktari alimkataza safari ndefu ya gari mpaka mvua za vuli. Ikakubaliwa kwamba atakuwepo kwa njia ya simu. Stanslaus ataishika, Melania atatazama kutoka nyumbani kwake Kambarage, Shinyanga mjini, atasoma mikono na kutamka kwa sauti. Picha ikiganda pale pale kwenye swali, wazee watasimama wakung'ute kanzu na makoti yao, na posa itakuwa imekwenda na maji.

"Mama Wiliam, usihofu," alisema Stanslaus alipopigiwa. "Hicho kiboksi chako cha intaneti kimezeeka. Nitakuletea kingine."

Alikuja Jumapili hiyo hiyo jioni akitokea mnadani, boksi chini ya kwapa, vumbi la mnada bado liko kwenye viatu. Alilifungua mezani kwa madaha. Kilichotoka kilikuwa cheusi, bapa, chenye antena sita zilizosimama wima.

"Tazama hayo mapembe, shemeji. Nimekagua duka zima. Kuna cha mbili, kuna cha nne, hiki peke yake ndicho cha sita. Mimi sijawahi kudanganywa na mnyama, nitadanganywa na plastiki?"

"Kinatumikaje?"

"Unachomeka tu."

Walichomeka. Taa zikawaka, za kijani na moja ya rangi ya chungwa. Kwenye simu ya Melania likatokea jina jipya la waifai, na mistari yake imejaa pomoni. Stanslaus akapiga makofi. Lakini walipojaribu kumpigia Wiliam, mduara ulizunguka, ukazunguka, ukachoka. Walijaribu tena. Stanslaus alikisogeza kiboksi karibu na mlango, akazikunja antena tatu na kuziacha tatu, akakizima, akakiwasha.

"Ni mgeni bado," alisema mwishowe. "Kiache kilale hapa leo, kizoee zizi."

Asubuhi kilikuwa kimezoea kila kitu isipokuwa kazi. Melania alikirudisha kwenye boksi lake, akaita bajaji, akaenda zake sokoni kwa fundi Ghati.

Ghati alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mtu wa Tarime aliyeletwa Shinyanga na ndoa na akabaki Shinyanga baada ya ndoa kwisha. Alikuwa na duka jembamba la kutengeneza simu na kufunga intaneti majumbani, na tabia moja ambayo wateja wengine hawakuipenda: hakuuzii kitu kabla hajakuuliza maswali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nina kitu hapa, kina mapembe sita, hakioni mbele."

Ghati alikigeuzageuza. Akacheka kidogo kwa puani. "Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi. Laini ya simu mmeiweka wapi hapa?"

"Laini?"

"Kile cha zamani kilikuwa na laini ndani yake, kama simu?"

"Kina laini, ndiyo. Mwanangu aliiweka mwenyewe kabla hajanitumia. Ninaiwekea bando kila mwezi."

"Haya basi, tafuta kwenye hiki tundu la kuingizia laini."

Melania alivaa miwani. Alikikagua chini, juu, ubavuni. Palikuwa na matundu ya nyaya, palikuwa na la umeme. La laini halikuwepo.

"Kaa mama," alisema Ghati, akamsogezea stuli yenye mto. "Kuuliza si ujinga, ila wengi wananunua bila kuuliza. Kwenye kiboksi chako cha zamani wamo wawili wanaokaa nyumba moja. Wa kwanza anaitwa modemu. Kazi yake ni ukalimani. Mnara ule unaongea lugha yake ya mawimbi, lugha ya mbali. Simu yako na televisheni yako zinataka lugha ya humu ndani. Modemu anasikiliza ya mnara, anaigeuza, anawapa. Wakijibu, anageuza tena, anarudisha kwa mnara. Wa pili ndiye ruta. Huyo ukalimani hajui. Yeye anagawa. Huyu simu, huyu kompyuta, huyu mtoto wa jirani aliyepewa namba ya siri. Kama mama anayepakua chakula."

"Na hiki?"

"Hiki ni ruta peke yake. Kinawafaa watu walioletewa waya wa intaneti mpaka ndani, wenye modemu yao ukutani. Shemeji yako hakudanganywa, ni kitu kizuri, kina miiko sita ya kupakulia. Ila sufuria ni tupu. Hakuna wa kwenda kuongea na mnara."

Melania alikuwa ameshikwa na neno moja tu.

"Mkalimani," alisema. "Basi modemu ni mimi."

Ghati akamtazama, na Melania akamweleza yote: Wiliam, mikono, ukweni, sharti la mzee Valerian, nyonga. Alieleza kwa fahari kidogo, nasi tusimcheke. Mtu aliyekuwa mdomo wa mwenzake kwa miaka ishirini anastahili fahari kidogo.

Fundi alikuwa anafuta kioo cha simu ya mtu kwa pindo la shati. "Mkalimani mzuri, mama, hata hukumbuki kama yupo," alisema. "Ukishaanza kumkumbuka, ujue pana tatizo. Kesho nitakuja nikione hicho cha zamani. Siuzi kipya kabla sijajua cha kwanza kimekufa kwa ugonjwa gani."

Alikuja Jumanne saa tatu asubuhi na mkoba wa vifaa na boksi mbili. Sebule ya Melania ilimkaribisha kama inavyowakaribisha wote, kwa weupe. Melania alikuwa mfumaji wa kroshia, na hapakuwa na kitu chumbani mle kilichokaa uchi. Makochi yalikuwa na vitambaa, redio ilikuwa na kitambaa, meza ilikuwa na kikubwa na juu yake kidogo.

"Kiko wapi?"

Melania alifungua pindo la kanga yake, akatoa ufunguo, akaliendea kabati la vyombo. Lilikuwa kabati la milango ya vioo, lenye kioo kingine kikubwa mgongoni ili vikombe vya harusi vionekane mara mbili. Katikati ya vikombe na chupa ya chai isiyotumika, chini ya kitambaa cheupe chenye ukingo wa buluu, kilikuwemo kiboksi.

Ghati alikinyanyua kitambaa kwa ncha za vidole. Aliweka kiganja juu ya plastiki, akakiondoa upesi kama aliyegusa kikaango.

"Mama, umekifunika?"

"Vumbi."

"Na kufuli?"

"Wezi, mwanangu. Kile ndicho kinachoniletea mtoto. Ningekiweka wapi? Sakafuni?"

"Na hewa kinapata wapi?"

Ghati alitaka kucheka, akaona uso wa mama yule, akaacha. Alieleza taratibu kwamba kifaa hiki hutoka jasho kikifanya kazi. Kikizidiwa na joto hupunguza mwendo ili kisiungue, na hapo ndipo picha hukwamakwama na kuganda. Kikizidiwa zaidi hujizima. Halafu mbao, halafu vioo, halafu kile kioo cha nyuma kinachoyarudisha mawimbi yalikotoka. Mnara ulikuwa upande wa mashariki na kabati lilikuwa limeupa mgongo.

"Miaka miwili kimeishi humu," alisema. "Kina roho ngumu. Lakini modemu yake imechoka, mama, haishiki mnara vizuri tena hata nikiitoa nje. Tubadilishe."

"Kwa hiyo nimekiua mimi."

"Umekitunza kupita kiasi."

Melania alikaa kwenye kochi, kitambaa mkononi. Alikuwa amekifuma kitambaa kile kwa wiki tatu, kwa uzi mzuri kuliko wote, siku kiboksi kilipoingia nyumbani. Kilikuwa cha upendo tupu. Na upendo huo huo, aliona sasa, alikuwa ameshawahi kuufuma kabla.

Wiliam alipokuwa na miaka minane, mwalimu wa shule ya watoto viziwi alikuja mara mbili. Mara ya kwanza Melania alisema mtoto ni mdogo. Mara ya pili alisema mtoto ana kifua. Ukweli ni kwamba shule ilikuwa ya bweni, na alipomfikiria Wiliam akilia kitandani usiku bila mtu wa kujua analilia nini, moyo ulimkatika. Basi akabaki naye. Wageni walipomsalimia kijana, Melania aliitikia kwa niaba yake. Walipomuuliza anapenda nini, Melania alijua anapenda nini. Majirani waliyaona, na mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe." Melania hakumsemesha jirani huyo mwaka mzima. Kisha Jumapili moja alitoka kanisani akakuta ufunguo wa chumba cha Wiliam umewekwa juu ya kabati, na kijana wa miaka ishirini na mbili ameondoka na wachimbaji wa Kharumwa. Miaka sita sasa. Alikuwa akifanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Melania aliambiwa hivyo na watu, akajichorea kichwani mtoto wake peke yake katikati ya vumbi, haelewi, haeleweki.

"Mama?" alisema Ghati. "Tuchague?"

Aliweka boksi mbili mezani. Melania alijifuta uso kwa kile kitambaa, akavaa miwani, na sasa maswali yakawa yake.

"Hiki kina tundu la laini?"

"Vyote viwili vinalo."

"Modemu yake inaelewana na mnara wetu?"

Ghati alimtazama kwa heshima mpya. "Swali zuri. Hiki kikubwa ni cha minara mipya. Hapa kwenu mnara huo bado, ungekilipia lugha ambayo hapa haiongewi. Hiki kidogo kinaongea kilichopo."

"Umeme ukikatika?"

"Kina betri yake ndani. Saa nne kinakaa."

"Kinapumulia wapi?"

"Hapa pembeni na hapa chini. Kwa hiyo hata kitambaa cha kutandikia, mama, hapana."

Wakachukua kidogo, cheupe, chenye antena mbili, kikubwa kama kitabu cha nyimbo za kanisani. Ghati alitia laini, akaanza kuzunguka nacho nyumba nzima na simu yake mkononi, akisoma namba za kasi ya intaneti. Sebuleni, kumi na moja. Jikoni, tisa. Chumbani kwa Melania, kumi na nne. Akasimama mbele ya mlango wa mwisho.

"Huku?"

"Huko ni kwa Wiliam. Hakuna mtu."

"Dirisha linatazama mashariki?"

Ufunguo ulikuwa pale pale juu ya kabati. Ndani kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka la kroshia, viatu vya zamani vimepangwa chini yake, dirisha limefungwa na pazia juu. Melania alikuwa akifagia humo kila Ijumaa na kufunga tena, kumsubiri mtu arudi. Ghati alivuta pazia, akasukuma dirisha. Mnara ulionekana wote, mwekundu na mweupe, juu ya mabati ya majirani.

"Thelathini na nane," alisoma.

Akapiga misumari miwili ukutani kando ya dirisha, akakitundika kiboksi, akakiacha uchi. Melania alikitazama kwa huruma ya zamani. Mikono yake ilikuwa bado imeshika kitambaa. Akakikunja mara nne.

"Na hiki cha mapembe?" aliuliza.

"Arudishe dukani. Nyumba ya vyumba vitatu haihitaji wapakuaji wawili."

Kitambaa alikifua, akakianika, akakipiga pasi, na Stanslaus alipopita Ijumaa kuelekea Kharumwa alimkabidhi akipeleke kwa mama wa binti, maana mtu haendi ukweni mikono mitupu hata kama haendi.

Jumamosi saa nane mchana Melania alikaa kwenye kitanda cha mwanawe, mto nyuma ya nyonga, simu imeegeshwa juu ya stuli, kilemba kipya kichwani. Asubuhi yote alikuwa amefanya mazoezi. Alikuwa ameyapanga maneno ya kuwaambia wazee wale: kwamba mwanangu ana akili, ana adabu, na akinyamaza msidhani hana la kusema. Alikitazama kiboksi ukutani, taa zake zimetulia.

Simu ikaita, picha ikafunguka, na ilikuwa safi kiasi kwamba aliona nzi juu ya bega la Stanslaus.

Uwanja ulikuwa umejaa. Wazee walikaa kwenye viti upande mmoja, upande wa pili walikuwepo vijana wengi wenye nguo safi na kucha ambazo hazitasafika kamwe, wachimbaji na watu wa karasha, marafiki wa Wiliam. Kwenye meza sahani za chakula zilifunikwa kitambaa cheupe chenye ukingo wa buluu, nzi wakizunguka nje yake. Stanslaus alisema ya kwake, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, ng'ombe wakatajwa, wazee wakaguna panapofaa. Kisha mzee Valerian, mrefu, mwenye kofia ya sufi kwenye jua lile, akainua mkono na pakanyamaza.

"Mayu," alisema akielekea simu, akimwita mama kwa Kisukuma, "unatuona?"

"Nawaona baba. Vizuri kabisa."

"Basi nitamuuliza kijana."

Melania akajiweka sawa. Akafungua mdomo.

Mzee Valerian hakumgeukia mtu wa kumfikishia. Alimtazama Wiliam usoni, akamwonyesha Agnetha kwa kidole, kisha akafunga ngumi zake mbili na kuzigonganisha, akafungua viganja. Mzee yule na kofia yake ya sufi aliuliza kwa mikono. Na Wiliam akasimama, akajibu.

Melania aliishika ishara ya kwanza, ya pili. Ya tatu hakuijua. Ya nne hakuijua. Mikono ya mwanawe ilikwenda upesi, mipana, bila haya, kama mtu anayeongea sokoni, na wale vijana upande wa pili walikuwa wanafuata na kuitikia kwa vichwa, mmoja akarusha ishara ya utani, Wiliam akamrudishia, uwanja mzima ukacheka. Kicheko kilimfikia Melania na yeye hakujua kimechekwa nini.

Hapo ndipo alipoelewa, na nashangaa hakuelewa mapema. Kwenye karasha hakuna anayesikia. Mashine zile zikianza kusaga, mwenye masikio mazuri na asiye nayo ni sawasawa, na watu wote huongea kwa mikono kutwa nzima: leta kiroba, simamisha, jiwe gumu, chakula tayari. Agnetha mwenyewe alikuwa akipika na kuuzia watu wa makarasha tangu hajafika miaka ishirini. Mzee Valerian alikuwa amesaga mawe kabla yao wote. Mahali ambapo Melania alimwona mtoto wake amepotea ndipo mahali pekee wilaya nzima palipokuwa pamejaa watu wa lugha yake.

"Baba ameuliza kama amekuja kwa hiari, na tukigombana itakuwaje. Amejibu hivi," Agnetha alianza, kwa ajili ya wazee wawili watatu waliotoka mbali. Alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti nzito kidogo. "Amesema hajaletwa, amekuja mwenyewe. Amesema akikasirika atatoka nje apoe, hatanigusa. Na amesema..." akamtazama Wiliam, akauliza kitu kwa mikono, Wiliam akarudia, "amesema hii ya mwisho ni ya mama yake."

Wiliam alikuwa ameigeukia simu. Alizungusha mkono kichwani, kilemba, mama. Kisha akafanya ishara ambayo Melania hakuijua.

Akaisubiri ijieleze. Haikujieleza. Kwa mara ya kwanza maishani mwanawe alikuwa amemwambia neno na hakulielewa, na picha ilikuwa safi, kiboksi kilikuwa kinafanya kazi yake yote, hapakuwa na wa kulaumiwa.

"Mama," alisema Agnetha kwa upole, akisogea karibu na simu, "shikamoo. Hiyo ni ya kule kazini. Ni ile tunayompa mtu wa zamu akimaliza. Maana yake, umebeba vya kutosha, weka chini, mimi nimepokea."

Maneno yote aliyoyapanga Melania asubuhi yalikuwa yamekosa kazi, na badala ya uchungu aliotegemea, aliona kitu kinashuka ndani yake, kizito, taratibu, mpaka kikagusa chini. Uchungu nao ulikuwepo. Vilikaa pamoja, uchungu na nafuu, kwenye kitanda cha mtoto ambaye hatarudi kukilalia, na yeye katikati yake hakutikisa hata kope.

"Ah!" Stanslaus akapiga kelele. "Imeganda! Shemeji ameganda! Si nilisema mimi? Mapembe mawili yatafaa nini? Mama Wiliam! Unasikia? Ameganda huyu."

Akaanza kuitikisa simu. Wazee wakaguna. Mmoja akasema mitandao ya siku hizi haina maana, mwingine akasema labda bando limekwisha, na mzee Valerian akasogea na kuchungulia, akaona mama wa kilemba kipya aliyetulia tuli kama picha ya ukutani.

Wiliam akaichukua simu mkononi mwa baba yake mdogo. Akaileta karibu na uso, akaitazama kwa makini, muda mrefu. Kisha akamgeukia Agnetha, akaweka ncha ya kidole chini ya jicho lake na kuishusha polepole mpaka kidevuni.

"Haijaganda," Agnetha akawaambia wazee. "Anasema chozi linatembea."